Mwanao amepata mwenza wa ng'ambo? Anzeni na viza sahihi

Mahari imepokelewa, sendofu imefana, na picha za mkwe Mzungu akila ugali kwa mkono zimezunguka kwenye magrupu yote ya WhatsApp ya ukoo. Kamati imevunjwa na deni la ukumbi limelipwa. Sasa linakuja swali ambalo halikuwemo kwenye bajeti ya kamati: bibi harusi anaondoka lini, na anaondoka kwa viza gani?

Mama mmoja wa Morogoro ameniandikia kuhusu jambo hilihili. Binti yake ana miaka 26, amefunga ndoa na Mwingereza, na sasa ana ujauzito wa miezi mitano. Mkwe anataka mke aende kwanza kwa viza ya matembezi ili ajifungulie huko, "mengine tutamalizana hukohuko." Mama anauliza kama kuna ubaya.

Ubaya upo, tena mkubwa. Huenda ukajiuliza mwandishi wa afya anatafuta nini kwenye mambo ya uhamiaji. Jibu ni kwamba viza ya ndoa inapita hospitalini. Aina ya viza ndiyo inayoamua kama mwanao atatibiwa kwa bima au kwa bili, na kama mjukuu wako atapata kliniki. Ndiyo inayoamua pia kama binti aliyepigwa ana pa kukimbilia bila kuogopa kufukuzwa nchini. Leo tuangalie nchi mbili ambazo wasomaji wengi huniuliza, Uingereza na Ujerumani.

Matembezi ni matembezi

Viza ya matembezi ya Uingereza humruhusu mtu kukaa hadi miezi 6. Ile ya nchi za Schengen, Ujerumani ikiwemo, humruhusu siku 90 ndani ya kila siku 180. Zote zina maana moja: unakwenda, unarudi.

Uingereza hairuhusu aliyeingia kwa viza ya matembezi kuibadilisha kuwa viza ya mwenza akiwa palepale. Lazima atoke na kuomba akiwa nje. Ujerumani nako, kwa kawaida aliyeingia kwa viza ya Schengen hutakiwa kurudi nyumbani na kuomba viza ya taifa, ambayo ndiyo ya kukaa muda mrefu. Ipo mianya michache ya kisheria, lakini usimpandishe mwanao ndege kwa kutegemea mwanya.

Kuna na suala la ukweli. Fomu inauliza lengo la safari. Anayejaza "matembezi" huku moyoni anahamia, amedanganya, na Uingereza inaweza kumfungia mlango kwa miaka 10 mtu aliyetumia udanganyifu kwenye maombi yake.

Sasa njoo kwenye afya. Mgeni wa matembezi akijifungua kwenye hospitali ya umma Uingereza hatafukuzwa mlangoni, kwa sababu huduma ya uzazi huhesabiwa kuwa haiwezi kusubiri. Lakini bili itamfuata, nayo hupigwa kwa asilimia 150 ya bei ya kawaida ya huduma hiyo. Deni la pauni 500 au zaidi likikaa bila kulipwa linaweza kuwa sababu ya kunyimwa viza baadaye. Yaani safari iliyokusudiwa kuikutanisha familia ndiyo itakayoitenganisha.

Kwa Ujerumani, mwombaji wa viza ya Schengen hutakiwa awe na bima ya safari ya angalau euro 30,000. Bima hizo ni za dharura. Kwa kawaida hazilipii kliniki ya wajawazito wala uzazi uliokuwa ukitarajiwa.

Uingereza: fedha, lugha na kifua

Viza ya mwenza ya Uingereza hutolewa kwa mume au mke wa raia wa huko, au wa mtu mwenye ukaazi wa kudumu. Wote wawili wawe wametimiza miaka 18, wawe wamekutana ana kwa ana, na ndoa iwe halali kwa sheria ya mahali ilipofungwa.

Kikwazo cha kwanza ni kipato. Tangu tarehe 11 Aprili 2024, mwenza aliyeko Uingereza anatakiwa awe anapata angalau pauni 29,000 kwa mwaka. Kabla ya hapo kiwango kilikuwa pauni 18,600. Wengi hukwama hapa kwa kutojua jambo moja: mke au mume anapoomba akiwa Tanzania, mshahara wake wa hapa hauhesabiwi, hata kama ni mkubwa. Kinachotazamwa ni kipato cha yule wa kule. Kwa mwajiriwa aliyekaa kwa mwajiri mmoja, huonyeshwa hati za mshahara na taarifa za benki za miezi 6.

Akiba inaweza kuziba pengo. Wanaotegemea akiba pekee wanatakiwa kuwa na pauni 88,500, zilizokaa mikononi mwao kwa miezi 6 mfululizo. Na kama mwenza wa kule anapokea posho fulani za ulemavu au za kumhudumia mgonjwa, kipimo cha pauni 29,000 hakitumiki. Huangaliwa tu kama familia itaweza kujikimu. Kwa hiyo mkwe akiwa mlemavu msikate tamaa kabla ya kuuliza.

Cha pili ni lugha. Mwombaji hufanya mtihani wa Kiingereza wa kuzungumza na kusikiliza wa kiwango cha A1, ambacho ni cha chini kabisa, kwenye kituo kinachotambuliwa na serikali ya Uingereza. Baada ya miaka miwili na nusu hivi, anapoongeza muda, hutakiwa A2.

Cha tatu ni malipo. Ada ya maombi inazidi pauni 1,800, na hairudishwi ukikataliwa. Juu yake kuna tozo ya afya: pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima na pauni 776 kwa mtoto. Viza ya kwanza ni ya miezi 33, lakini tozo huhesabiwa ya miaka mitatu, hivyo mtu mzima hulipa pauni 3,105 kwa mkupuo. Hii hurudishwa maombi yakikataliwa.

Tozo hiyo inauma, lakini ndiyo inayomfungulia mwanao mlango wa hospitali. Akiingia na viza hiyo atajiandikisha kwa daktari wa mtaani, na akiwa mjamzito atahudumiwa kliniki na kujifungua bila bili. Kwa England, mjamzito halipii hata dawa anazoandikiwa, na msamaha huo huendelea kwa miezi 12 baada ya kujifungua.

Ipo pia viza ya mchumba, kwa wanaotaka kufunga ndoa hukohuko. Hii ni ya miezi 6, hairuhusu kufanya kazi, na mwenye nayo halipi tozo ya afya. Tafsiri yake ni kwamba hana haki ya matibabu ya bure mpaka afunge ndoa, aombe viza ya mwenza na kulipa tozo. Kwa binti mwenye mimba au mwenye ugonjwa wa kudumu kama kisukari au selimundu, hiyo miezi 6 ni mirefu.

Msiogope kipimo cha TB

Mtanzania anayekwenda kuishi Uingereza kwa zaidi ya miezi 6 hutakiwa kuwa na cheti cha kipimo cha kifua kikuu. Kipimo hufanyika kwenye kliniki zilizoidhinishwa na serikali ya Uingereza pekee, na orodha yake iko kwenye tovuti yao. Cheti kutoka hospitali nyingine, hata iwe ya rufaa, hakitapokelewa. Wakenya nao wamo kwenye sharti hili.

Mtu mzima hupigwa picha ya kifua. Watoto wa chini ya miaka 11 kwa kawaida hawapigwi picha. Daktari huwauliza maswali na kuwachunguza. Picha isipokuwa wazi, hutakiwa kutoa makohozi, na majibu yake huweza kuchukua hadi miezi miwili kwa sababu vijidudu huoteshwa maabara. Cheti hudumu miezi 6, kwa hiyo msipime mapema mno wala msisubiri dakika ya mwisho.

Mjamzito ana njia tatu: kupigwa picha huku tumbo likiwa limekingwa, kupimwa makohozi bila picha, au kusubiri mpaka ajifungue. Aseme mapema kwamba ni mjamzito, na aamue baada ya kuzungumza na daktari wa kliniki yake.

Nimesikia pia uvumi unaowafanya watu kuogopa kipimo hiki bure. Hapimwi VVU kama sharti la viza ya Uingereza, na kuwa na VVU hakumzuii mtu kupata viza ya ndoa. Na akikutwa na TB, safari haijafa. Anatibiwa, kwa kawaida miezi 6, na dawa ni bure kwenye vituo vya umma hapa nchini. Akimaliza anapimwa tena. Kwa kweli, kugundua TB mapema kunamwokoa yeye na watu aliokuwa akikohoa nao chumba kimoja.

Ujerumani: lugha kabla ya ndege

Ujerumani huomba viza ya taifa ya kuungana na familia. Ada yake ni euro 75 kwa mtu mzima na nusu ya hiyo kwa mtoto, ila mume au mke wa raia wa Ujerumani hatozwi. Akishafika, kabla viza haijaisha, hujiandikisha anapoishi na kwenda ofisi ya wageni ya eneo hilo kupewa kibali cha ukaazi. Kibali hicho humruhusu kufanya kazi.

Kwa mwenza wa raia wa Ujerumani, kwa kawaida kipato si kikwazo kama Uingereza. Kwa mwenza wa mgeni anayeishi Ujerumani, mfano Mtanzania mwenzetu anayefanya kazi huko, huangaliwa kama kuna kipato na nyumba ya kuwatosha.

Kizingiti cha Ujerumani ni lugha. Mwombaji anatakiwa kuonyesha cheti cha Kijerumani cha kiwango cha A1 kabla ya kuondoka, na kwa Dar es Salaam Goethe-Institut hufundisha na kutahini. Wapo waliosamehewa, kwa mfano mtu ambaye ugonjwa au ulemavu unamzuia kujifunza lugha, au mwenza wa mtaalamu mwenye Kadi ya Bluu ya Ulaya. Kama mgonjwa ni mwanao, mwombe daktari aandike ripoti inayoeleza wazi ugonjwa unavyozuia kujifunza. Barua ya mstari mmoja haitasaidia.

Ipo njia nyingine ambayo wazazi wengi hawaijui. Mama au baba wa mtoto mdogo mwenye uraia wa Ujerumani anaweza kuomba viza ili akamlee mtoto wake, na hapo cheti cha A1 hakitakiwi. Wazazi wasipokuwa na ndoa, baba Mjerumani lazima kwanza amtambue mtoto kisheria. Maneno ya "mtoto ni wangu" kwenye simu hayana nguvu ofisini.

Swali la kumuuliza mkwe Mjerumani mapema ni hili: "Una bima gani?" Ujerumani ina bima za umma na bima binafsi. Aliye kwenye bima ya umma anaweza kumwingiza mke au mume asiye na kipato, pamoja na watoto, bila kuongeza mchango. Aliye kwenye bima binafsi hana nafasi hiyo. Kila mwanafamilia hulipiwa kivyake. Familia mbili zenye mshahara sawa zinaweza kutofautiana sana kwa jambo hili moja. Na binti akiwa ndani ya bima ya umma, baada ya kujifungua ana haki ya mkunga anayemfuata nyumbani kumwangalia yeye na mtoto, gharama ikilipwa na bima.

Mwenza akiwa raia wa nchi nyingine ya Ulaya

Tuseme mkwe ni Mfaransa au Mholanzi lakini anaishi na kufanya kazi Ujerumani. Hapo inatumika sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2004 kuhusu uhuru wa raia wake kuhama. Mke au mume wake hupewa viza ya kuingia bila ada na kwa haraka, haulizwi cheti cha lugha, kisha hupewa kadi ya ukaazi ya mwanafamilia ambayo kwa kawaida ni ya miaka 5. Kwa hiyo kabla ya kuanza kujaza fomu ulizeni mambo mawili: mkwe ni raia wa wapi, na anaishi wapi. Majibu hayo mawili yanaweza kubadilisha safari nzima.

Mtoto wa uhusiano wa kwanza

Hapa ndipo bibi na babu wengi hushtukia wamebaki na mjukuu kwa miaka. Mama anaondoka akisema atamfuata mtoto "mambo yakikaa sawa," kumbe sheria ina masharti.

Kwa Uingereza, mtoto awe chini ya miaka 18 wakati wa kuomba, na mama aonyeshe kwamba ndiye pekee mwenye jukumu la kumlea, isipokuwa kama baba naye amefariki au anaishi huko. Baba anayelipa ada na kuamua mtoto asome wapi anaweza kuwa ushahidi dhidi ya maombi, hata kama ni mtu mwema. Kwa Ujerumani, wazazi wanaposhirikiana malezi, ridhaa ya yule anayebaki huhitajika. Mtoto aliyefikisha miaka 16 anayehamia peke yake baadaye anaweza kudaiwa kujua Kijerumani kwa kiwango cha juu sana. Hivyo kama mpo na kijana wa miaka 14, panga aondoke pamoja na mzazi wake.

Na jamani, tunzeni kadi ya kliniki. Ujerumani tangu tarehe 1 Machi 2020 mtoto haingii chekechea bila uthibitisho wa chanjo ya surua: dozi moja kwa aliyefikisha mwaka, mbili kwa aliyefikisha miaka miwili. Watoto wetu huchanjwa surua wakiwa na miezi 9 na miezi 18, kwa hiyo wengi wamekamilika, tatizo ni kadi iliyoliwa na panya. Ikiwa imepotea, nendeni kituo mlichochanjia mkaombe taarifa kutoka kwenye rejista kabla ya safari.

Mimba, ndege na kalenda

Sasa nimjibu mama wa Morogoro. Mimba ya miezi mitano na maombi ya viza ya ndoa ambayo hayajaanza ni mashindano ya kalenda. Kuna mtihani wa lugha, kipimo cha TB, hati za miezi 6 za mkwe, kisha kusubiri majibu kwa wiki kadhaa au miezi. Mashirika mengi ya ndege huomba barua ya daktari kuanzia wiki ya 28 ya ujauzito, na mengi hayapakii mjamzito wa mtoto mmoja akishafika wiki ya 36.

Kwa hesabu hiyo, ushauri wangu ni binti ajifungulie nyumbani, kwa utulivu, kwenye hospitali anayohudhuria kliniki na karibu na mama yake. Mume ndiye asafiri kuja. Mtoto atakayezaliwa, kama baba ni raia wa Uingereza aliyezaliwa Uingereza, atakuwa raia wa huko kwa kurithi. Ataombewa pasipoti na hatahitaji viza. Mama ataomba viza ya mwenza akiwa amepona, huku mtoto akikamilisha chanjo za mwanzo. Kuchelewa kwa miezi michache kunauma, lakini hakulingani na bili ya uzazi kwa pauni na jina lililochafuka kwenye kompyuta za uhamiaji.

Anayesafiri na mimba kwa viza sahihi abebe mkononi, si kwenye begi la chini, kadi ya kliniki, majibu ya damu, picha za ultrasaundi na orodha ya dawa anazotumia.

Ndoa ikigeuka chungu

Hili tuliseme mapema, kabla ya safari, maana baada ya safari huwa siri. Mwenza anayetegemea viza ya ndoa huweza kutishwa: "Ukinisumbua nakurudisha kwenu." Binti anayepigwa hunyamaza akidhani mume ndiye mwenye nchi.

Si kweli. Uingereza ina utaratibu maalumu kwa wahamiaji wanaofanyiwa ukatili na wenza wao: huweza kupewa kibali cha muda cha miezi mitatu na haki ya msaada wa serikali, huku wakiomba ukaazi wa kudumu kwa haki yao wenyewe. Ujerumani, ndoa ikidumu miaka mitatu mkiwa huko, kibali cha mwenza hakitegemei tena ndoa. Na palipo na ukatili miaka hiyo mitatu inaweza isisubiriwe.

Namba za msaada ni 0808 2000 247 kwa Uingereza na 116 016 kwa Ujerumani, saa 24, bure. Mwanao aziandike kwenye daftari, si kwenye simu peke yake. Na pasipoti yake akae nayo mwenyewe. Mume mwema hana haja ya kumfungia mkewe pasipoti kabatini.

Kuna na maumivu yasiyo ya kofi. Baridi, giza la saa kumi jioni, kukaa ndani siku nzima bila kujua lugha, na kukosa hata jirani wa kumwomba chumvi. Huzuni ya miezi ya kwanza ni ya kawaida. Lakini binti asiyelala, asiyekula, asiyepokea simu za nyumbani, hasa aliyejifungua karibuni, amwone daktari. Mzazi, unapompigia usiulize tu "mmetuma?" Uliza pia amelala saa ngapi na ameongea na nani leo. Na kwa kuwa jua la huko ni hafifu, wataalamu wa afya wa Uingereza huwashauri watu wenye ngozi nyeusi wafikirie kumeza vitamini D mikrogramu 10 kila siku kwa mwaka mzima.

Cheti, uraia na madalali

Vigelegele havina mhuri. Iwe ndoa ilifungwa msikitini, kanisani au kwa mkuu wa wilaya, hakikisheni imesajiliwa RITA na majina yanafanana herufi kwa herufi kwenye cheti cha ndoa, cha kuzaliwa na pasipoti. "Asha" na "Aisha" ni mtu mmoja kwa bibi yake, ila kwa ofisa wa viza ni watu wawili. Anayekwenda kufungia ndoa nje ataulizwa cheti cha kutokuwa na pingamizi la ndoa, nacho huombwa RITA.

Kuhusu uraia, kumbukeni sheria yetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Ujerumani tangu tarehe 27 Juni 2024 haimdai mtu aache uraia wake wa zamani, lakini Tanzania inabaki na msimamo wake: ukiomba na kupewa uraia mwingine, wa hapa umeondoka. Ukaazi wa kudumu hauna tatizo hilo, na unamtosha mtu kuishi na kufanya kazi.

Na kwa nini isiwe mkwe ndiye anayekuja huku? Inawezekana, kwa hati za uhamiaji na kibali cha kazi akitaka kuajiriwa. Ila jueni Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inampa mke wa kigeni wa Mtanzania njia ya kuomba uraia kwa ndoa, lakini mume wa kigeni wa Mtanzania haikumpa njia hiyo.

Mwisho, dalali anayeahidi "viza ya uhakika" hana ufunguo wowote. Maombi hufanywa kwenye tovuti rasmi za serikali husika na balozi zao, na masharti na ada hubadilika, hivyo someni huko siku mnayojaza. Kabla ya kulipa senti yoyote, kaeni kikao kimoja na mkwe, hata kwa simu ya video, mumuulize bila aibu: kipato chako ni kiasi gani, una bima gani, tutaomba viza ipi, na mtoto wa kwanza anaondoka lini? Tuliuliza habari za ukoo wake kabla ya kupokea mahari. Haya nayo ni ya kuulizwa.

Tukutane wiki ijayo.